Gololi

Nyundo ninayo. Koleo nimeazima.
Mivuo nimeishona mwenyewe
kwa turubai la lori lililochanikia Mabawa.
Mkaa nanunua kwa kopo, na moto unawaka.
Kilichonikosa ni pa kupigia.

Fuawe ya dukani, Barabara ya Tatu,
imekalishwa juu ya boksi lake kama bibi harusi.
Nikauliza bei.
Muuzaji akanitazama viatu kwanza,
ndipo akataja.
Nikamwambia nitarudi.
Tukaagana vizuri, kila mtu akijua.

Nikajaribu jiwe: lilipasuka pigo la nne,
kibanzi kikapita karibu na jicho.
Nikajaribu kitako cha pampu:
kilibonyea kama godoro.

Mfukoni natembea na gololi moja ya baiskeli.
Ndiyo kazi yangu ya zamani,
miaka tisa ya pancha na minyororo.
Ukitaka kukijua chuma, iangushe juu yake.
Kigumu kitakurudishia.
Kilaini, gololi itakaa palepale
kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau.

Gofu, kwa wauza skrepa, niliiangusha siku nzima:
sahani ya klachi, rula ya katapila, tako la nanga.
Tik. Tik. Tu.
"Kaka, chuma ni chuma," akasema mwenye mizani,
"hapa tunapima kilo."

Jioni kijana mmoja, Mbwego, akaniita nyuma ya ukuta.
Kwenye gunia: kipande cha reli, urefu wa mkono.
Elfu kumi na tano.
Gololi ikaruka mpaka kifuani,
na moyo nao ukaruka.
Ndipo nikaona ubavuni mkato wa msumeno,
mpya, bado unang'aa.
Mama yangu hupanda treni hiyo akija kutoka Korogwe,
na kikapu cha machungwa miguuni.
Nikafunga gunia.
Nisijifanye mwema: siku tatu nilikitamani,
usiku nikiamka nahesabu,
elfu kumi na tano, elfu kumi na tano.

Kwa Bi Mwanamkuu, Pongwe, sikwenda kutafuta chuma.
Niliitwa kutia breki baiskeli ya mjukuu.
Nyuma ya jiko watoto walichutama
wakiponda kungu juu ya kitu cheusi,
kizito kama ndama aliyelala.
Kutu ubavu mzima,
ila pale wanapopondea
panang'aa kama jino la mcheshi.

Nikaomba nafasi. Nikaangusha.
Ikarudi kiganjani.
Nikaangusha tena, ikarudi tena,
watoto wakadai mara ya tatu, na ya nne.

"Hicho cha mashine ya mkonge, ya korona," akasema bibi.
"Shemhilu alikuja nacho siku waliyofunga kiwanda.
Mishahara ya miezi saba hawakumlipa.
Akasukuma mkokoteni kutoka huko, mchana kweupe,
na hakuna aliyemzuia.
Haya, wewe fundi, kitaje bei."

Nilikuwa na elfu ishirini na mbili mfukoni.
Ulimi ulinigoma.

Bibi akapepeta mchele wake mpaka ukaisha.
Kisha akasema: "Mbuzi yangu imeng'oka meno.
Nifulie ulimi mpya, wenye kukuna.
Na hawa wasikose pa kupondea."

Ulimi wa kwanza ulipinda kwenye nazi ya kwanza.
Aliurudisha umefungwa kwenye gazeti, bila neno.
Wa pili ulikuna nazi na kidole.
Wa tatu uko motoni sasa hivi,
rangi ya embe dodo, haijafika bado.

Na alasiri, wakitoka chuoni,
watoto wanakuja na kungu zao kwenye kofia.
Naweka nyundo mapajani,
nakaa pembeni kwenye ndoo,
nangoja zamu yangu.